Matembezi ya kila siku, potreti au safari: mpiga picha wa ridhaa akue kwa njia ipi?

Kuna mahali mpiga picha wa ridhaa hufika akakwama. Kamera anaijua, picha zinatoka safi, hazina giza wala ukungu, lakini akizipanga za mwaka huu pembeni ya zile za mwaka juzi haoni tofauti. Wengi wakifika hapo hutafuta lenzi nyingine. Mimi nilinunua mbili ndipo nikatambua kwamba nilikuwa napiga vitu vilevile, kwa umbali uleule, saa zilezile, na hakuna lenzi inayoweza kumwondolea mtu hilo.

Kinachosaidia ni kubadilisha unachokipiga na namna unavyokiendea. Kwa mtu mwenye kazi nyingine inayomlisha, njia zilizo karibu ni tatu: kutoka na kamera kila siku katika mazingira yaleyale anayoishi, kupiga potreti, yaani picha ya mtu aliyekubali kukaa mbele ya lenzi, na kusafiri. Nimezipitia zote, tena kwa kuanzia mwisho. Nilianza na safari, nikaja kwenye potreti, na matembezi ya kila siku ndiyo niliyoyachelewesha kuliko yote. Kwa hiyo nazilinganisha nikiwa na upande tayari: kwa watu wengi ningeanza na matembezi. Kwa baadhi hapana, na hao nitawafikia.

Kosa linarudi kukutana nawe?

Tuanze na hesabu. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa 130 kwa mwaka. Potreti mbili kwa mwezi, saa moja kila moja, ni saa 24. Safari moja ya siku 10, ukitoa muda wa njiani, wa kula, wa kulala na ule jua likiwa utosini, inakupa labda saa 40, nazo unazigawana na wenzako wanaotaka kusonga mbele wakati wewe unasubiri wingu lipite.

Ila saa peke yake hazimkuzi mtu. Anakua pale anapolikuta kosa lake tena. Leo umempiga mtu akivuka barabara, kichwa chake kikazama kwenye weusi wa mlango ulio nyuma yake. Kesho utapita palepale, jua likiwa pembe ileile, na utasogea hatua mbili kushoto ili kichwa kikae kwenye ukuta mweupe. Safarini kosa hilohilo unaligundua usiku, unapopitia picha kitandani, na mji wenyewe umeshauacha nyuma.

Ndiyo maana kila nikimfikiria Vivian Maier sifikirii kipaji kwanza. Alikuwa yaya Chicago. Kwa miongo kadhaa alitembea na kamera ya Rolleiflex kifuani, akaacha negativi, yaani picha za filamu ambazo hazijachapwa, zaidi ya 100,000, na karibu hakuna aliyezijua hadi mwaka 2007, maboksi yake yalipouzwa mnadani. Negativi 100,000 ni marudio. Ni mtu aliyepita njia moja mara nyingi mno hata akajua kivuli kitaangukia wapi. Hata safari yake kubwa ya 1959, iliyomfikisha Asia na Misri, aliifanya akiwa na takriban miaka 10 ya kupiga picha mkononi.

Potreti inasimama katikati. Mara zake ni chache, lakini katika saa moja unapiga uso mmoja mara 60 au 80 kwenye mwanga mmoja, na kila badiliko dogo linaonekana hapohapo: kidevu kikishuka, bega likigeuka, macho yakiacha kukutazama. Nimejifunza kuhusu mwanga katika saa hizo chache kuliko katika miaka miwili ya mandhari za milima.

Mazoea yana taabu

Matembezi nayo yana maradhi yake, na nisiyafiche. Mahali unapopita kila siku macho hukoma kupaona. Wiki mbili za kwanza utafurahi. Ya tatu utarudi nyumbani na picha nne za mawingu na kusema hapa hapana kitu. Watu wengi huacha wiki hiyo hiyo ya tatu.

Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kujifunga. Wiki hii vivuli tu. Wiki ijayo mikono tu, au vitu vinavyoonekana kupitia kioo, au watu kwa mgongo. Lenzi moja, hakuna kuvuta karibu. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, kisogelee. Utakereka siku mbili za mwanzo, kisha jicho litaanza kuwinda lenyewe hata ukiwa huna kamera.

Nani alijifunga kuliko mpiga picha Josef Sudek? Alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza, akaendelea na kazi kwa mkono mmoja, na kuanzia 1940, vita nyingine ikiwa imeufunga mji wa Prague, akawa anapiga dirisha la studio yake. Dirisha hilohilo, kwa miaka: kioo chenye mvuke, matone yakitiririka, mti mmoja uliopinda upande wa pili. Ukiziangalia picha zile huoni mtu aliyekosa pa kwenda. Unaona mtu aliyegundua kwamba kioo cha saa moja asubuhi na kioo cha saa kumi jioni ni vitu viwili tofauti.

Kwa upande wa ufundi, matembezi yanataka kamera isiyokuchelewesha. Mpangilio wangu wa kila siku, kwenye kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha milimita 24 kwa 36, ni lenzi ya milimita 35, tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), fokasi, yaani umbali ambao picha ni kali, nimeifunga kwenye mita 3, na kasi ya shata isiyopungua 1/250 ya sekunde. Hapo kila kilicho kati ya mita 2 na mita 7 hivi kinakuwa safi cha kutosha, na sihitaji kusubiri kamera itafute. Ukitumia simu, huhitaji hata hilo. Kihisi chake ni kidogo, karibu kila kitu kinakuwa wazi chenyewe. Simu inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza wa njia hii.

Nani anauamuru mwanga

Katika matembezi mwanga unaupokea, ila ratiba yake unaijua. Nyumbani najua ukuta upi unapokea jua la mwisho na kwamba hilo hudumu dakika chache tu. Maarifa hayo hayanunuliki, na hayahamishiki kwenda mji mwingine.

Katika safari mwanga unakukuta ulipo. Basi linafika saa sita mchana, lango linafunguliwa saa tatu asubuhi, na ile saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza imekukuta unapanga mizigo. Kila safari iliyonipa picha nzuri ilikuwa safari niliyoamka gizani.

Potreti pekee ndiyo inayokupa amri. Huwezi kulisogeza dirisha, lakini unaweza kumsogeza mtu, na hilo linabadilisha kila kitu. Mkalishe karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, umgeuze taratibu: akilitazama, uso unakuwa bapa na mpole; likiwa ubavuni mwake, nusu ya uso inaingia kivulini na mifupa inajitokeza; likiwa nyuma yake, unabaki na mstari wa mwanga kwenye nywele. Shuka jeupe upande wa kivuli linarudisha mwanga kidogo shavuni. Ni hayo tu. Mpiga potreti Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akafanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa mwanga wa mchana, kwa kawaida akimpiga kila mtu picha moja tu, kwa kamera kubwa ya negativi za sentimita 13 kwa 18. Jaribu hilo siku moja: mtu mmoja, picha moja. Utatumia dakika 20 kutazama kabla ya kubonyeza, na dakika hizo ndizo darasa.

Kumkaribia mtu

Hapa ndipo njia hizi tatu zinapoachana kabisa, na hapa ndipo ninapowaona wapiga picha wengi wa ridhaa wamekwama bila kukiri. Picha zao zina majengo, maua, machweo, na watu wakiwa mbali, wadogo, wamepewa mgongo. Si kwamba hawapendi watu. Wanaogopa.

Matembezi hayauondoi woga huo haraka. Macho hayana pazia, wanasema, lakini lenzi si jicho. Kutazamwa hupita, picha hubaki. Barabarani unaweza kuishi mwaka mzima ukipiga kwa mbali na kujidanganya kwamba huo ni mtindo wako. Kanuni yangu kwa wasionifahamu ni fupi: akiniona nashusha kamera na kutabasamu, akikataa, hata kwa kichwa tu, nafuta akiona. Watoto wa watu siwapigi bila mzazi kukubali. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, adabu haitofautiani sana.

Potreti inaukabili woga uso kwa uso kwa sababu lazima useme. Mtu wa kwanza niliyempiga kwa kumwomba rasmi alikuwa shangazi yangu.

“Shangazi, naomba nikupige picha. Si ya simu, ya kukaa kabisa.”

“Mimi mzee hivi, mwanangu? Ngoja basi nibadilishe nguo.”

“Hapana, hivyohivyo ulivyo.”

Alikaa. Nilimaliza dakika 10 nikihangaika na namba za kamera, kimya, naye akazidi kukauka kama yuko ofisi ya pasipoti. Picha zote za siku ile zina uso wa mtu anayesubiri kuruhusiwa kuondoka. Nilirudi wiki iliyofuata, kiti kilekile, dirisha lilelile, nikiwa nimeshapanga kila kitu kabla hajakaa, na safari hii nikamuuliza kuhusu baba yake. Aliongea, akasahau. Nilirudi tena na tena. Mara ya saba hakutabasamu, hakujiweka sawa, alinitazama tu, na ile ndiyo picha ya kwanza niliyowahi kuichapa kubwa. Kamera ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa nimejifunza kuongea huku mikono ikifanya kazi.

Mambo matatu ya ufundi ningependa mtu angeniambia mapema. La kwanza: umbo la uso linaamuliwa na umbali wako, wala si lenzi. Ukisimama nusu mita, pua inakua na masikio yanakimbia nyuma. Mita moja na nusu hadi mbili, uso unarudi kuwa ule tunaoujua. Lenzi ya milimita 85 inapendwa kwa potreti kwa sababu inakulazimisha usimame hapo ili kichwa na mabega vijaze fremu. La pili: tundu kubwa linalofifisha mandharinyuma lina bei yake. Kwa milimita 85, f/1.8, ukiwa mita 2, eneo lililo safi lina kina cha sentimita 6 tu. Mtu akiinama kidogo macho yameshapotea. Anza na f/4, na fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. La tatu: mwonyeshe anachokifanya vizuri mkiwa katikati ya kazi. Uso hulegea mtu akijua hachekwi.

Anayedhani ameshachelewa amtazame Julia Margaret Cameron. Alipata kamera yake Desemba 1863, akiwa na miaka 48, zawadi kutoka kwa bintiye na mkwewe. Mwezi uliofuata alikuwa na picha aliyoiita mafanikio yake ya kwanza. Banda la kuku lenye vioo likawa studio, na waliokaa mbele ya lenzi walikuwa ndugu, watumishi wa nyumbani na majirani, sura ikijaza fremu, mwanga ukitoka upande mmoja. Wakosoaji wa wakati wake walisema picha zake zina ukungu na uzembe. Hakuenda mbali kutafuta nyuso. Alizikuta mlangoni.

Safarini, kumkaribia mtu ni kugumu maradufu, kwa kuwa huna jana wala kesho naye. Mfano unaonisumbua ni picha maarufu ya mama na watoto wake, iliyopigwa na Dorothea Lange, California, 1936. Lange mwenyewe aliandika kwamba hakuuliza jina la mama yule. Lilijulikana kwa umma mwaka 1978, Florence Owens Thompson, naye alilalamika kwamba hakuulizwa jina na kwamba nakala aliyoahidiwa hakutumiwa. Picha ile iliwagusa mamilioni, na bado lalamiko lile ni la haki. Tangu nilipolisoma, safarini naandika jina la kila niliyemkaribia kwenye kijitabu, pamoja na mahali pa kumtumia picha, na natuma kabla sijaweka yoyote hadharani.

Kipya kinyemi

Kingawa kidonda, methali inamalizia, na sijui maneno yanayoeleza vyema zaidi mtego wa kupiga picha safarini. Kila kitu kinaonekana kinafaa: mlango, mkokoteni, paa, taa ya barabarani. Msisimko ni wako, lakini haujaingia ndani ya picha. Picha imebeba ugeni wa kitu tu, na kwa asiyekuwa mgeni haina kitu. Nina kipimo kimoja ninachokitumia kuchambua picha za safari, kikali kuliko vyote: mwenyeji wa mji ule akiiona, atasimama? Kama ataona mlango wa jirani yake na kupita, mimi pia naipita. Katika safari yangu ya kwanza, ya picha 3,000 na ushee, zilibaki tisa.

Kwa hiyo sikubali kwamba safari inafundisha kupiga picha. Inapima ulichojifunza kwako. Mtu aliyezoea kusubiri kwenye kona ya mtaa wake atasubiri kwenye kona ya ugenini. Aliyezoea kuongea na anayempiga ataongea hata kwa lugha ya mikono. Asiyezoea lolote atarudi na nakala za kadi za posta, na hatajua kwa nini zile za dukani ni nzuri zaidi.

Ukiamua kusafiri kwa ajili ya picha, punguza miji. Siku tatu mahali pamoja zinashinda siku moja moja mahali patatu, kwa sababu siku ya pili ndipo unapoacha kupiga vya ajabu, na ya tatu unajua jua linaingilia upande gani. Rudi kona moja asubuhi na jioni. Na usilete mandhari pana peke yake. Lete uso, mikono, kitu kilicho mezani, chumba kitupu. Picha 12 zinazoongea pamoja zina nguvu kuliko moja ya kutundika.

Vifaa, kwa ufupi

Matembezi: chochote kinachoingia mfukoni. Potreti: lenzi moja yenye tundu kubwa, dirisha, shuka. Safari ndiyo yenye madai. Betri za akiba za lithiamu hukaa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye begi linaloshuka chini ya ndege, kwa sababu ya hatari ya moto. Beba memori kadi ndogo kadhaa badala ya moja kubwa. Kadi yangu ilikufa siku ya sita na ikaondoka na siku zote sita. Tangu hapo nina nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na begi langu.

Basi uchague ipi

Kama huna zaidi ya nusu saa kwa siku, au picha zako zinafanana na za kila mtu, anza na matembezi, kwa miezi mitatu, lenzi moja. Kila Jumapili chambua za wiki, bakiza tano, zichape hata ndogo. Ukishika picha tano mkononi utaona unachokirudia bila kujua, na hicho ndicho mwanzo wa mtindo wako.

Kama picha zako ni nzuri lakini hazina watu, ruka matembezi. Nenda moja kwa moja kwenye potreti, hata kama moyo unagoma, na usitafute watu 20. Tafuta mmoja atakayekuvumilia mara 10. Kama una aibu sana, mwanzie mtu anayekupenda.

Kama tiketi umeshakata, usiiache. Lakini wiki tatu kabla ya kuondoka tembea mtaani kwako na kamera ileile na lenzi ileile utakayobeba, ili vidole visijifunze huko. Na ukirudi, kamera usiifungie kabatini asubuhi inayofuata. Kwa siku nne au tano macho bado ni ya mgeni. Ukuta ambao umekuwa ukipita mbele yake miaka yote utakuwa na rangi, jirani atakuwa na uso, na lile jua la mwisho ukutani litakuwa likikusubiri. Toka na kamera mapema, kabla mazoea hayajarudi.